Hakusamehewa, Alilipa

Chebet, juzi ulinipigia simu ukiwa kwenye ile ofisi niliyokuachia hapa Buffalo, ukaniuliza, "Madam Nafula, kuna muhuri kwenye droo umeandikwa IMELIPWA. Ni wa nini? Naweza kuutupa?" Nilikujibu kwa mkato kwamba usiuguse, nikakata simu kwa sababu maharage yangu yalikuwa yanaungua. Usinikasirikie. Sasa nimestaafu na wakati ninao tele, kwa hiyo nakuandikia wewe na wenzako mnaowasaidia watoto kuomba nafasi vyuoni, niwaambie muhuri huo ulitoka wapi. Habari za kupandishwa cheo sitazigusa. Hazikuwa nyingi, na kila moja ilikuja na mikutano yake.

Kazi hii niliianzia Columbus, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya pili. Tulikuwa wasichana watatu kutoka Kenya, tumepanga nyumba University District, nyumba ya ngazi zinazolia na jiko ambalo nusu ya meko yake hayakuwaka. Nilipata kazi ya saa chache katika chumba cha mafaili, kwenye ofisi ya udahili ya chuo. Siku ya kwanza nilivaa suti niliyoshonewa Bungoma na viatu vya kisigino. Mkuu wa chumba kile alikuwa Bi Loretta, mama Mmarekani mweusi ambaye miwani yake ilikaa kichwani kuliko ilivyokaa machoni. Alinitazama kuanzia juu hadi chini, akasema mafaili hayajali nimevaa nini, ila magoti yangu yatajali. Kufikia mchana nilikuwa nimevua viatu, nimepiga magoti sakafuni, napanga bahasha.

Wakati huo maombi yalikuja kwa posta, na kila ombi lilitakiwa liwe na hundi ya ada ya maombi. Ninyi mnajua kwamba ada hiyo hailipii masomo. Ni ya kusomwa tu. Faili lililokuja bila hundi liliwekwa rafu ya chini, na huko hakuna mtu aliyelisoma. Mimi ndiye niliyekuwa napiga magoti, basi niliyaona. Kulikuwa na watoto wenye alama za kumfanya mtu aone wivu, wamelala vumbini kwa sababu ya hundi.

Nilimuuliza Bi Loretta kwa nini hawasomwi. "Hawajalipa," alisema. Kisha akachukua faili moja, akashusha miwani, akatazama alama za mtihani wa kuingilia chuo, akainua simu na kumpigia mkubwa mmoja wa ghorofani. "Mtoto mwenye alama kama hizi tunamtaka au hatumtaki?" aliuliza. "Basi niandikie kuwa ada yake mmeiondoa." Barua ilipoletwa, aliibandika ndani ya faili, kisha akagonga kwenye jalada muhuri wa kuonyesha kwamba limelipiwa. Ulikuwa muhuri uleule aliowagongea waliotuma hundi.

Nikamwambia, "Lakini huyu hakulipa. Huyu amesamehewa."

"Sina muhuri wa kusamehe," alisema. "Faili limelipiwa au halijalipiwa. Kwani wa ghorofani wanahitaji kujua nani alileta hundi na nani alileta alama?"

Niliona ni ukaidi wa mama mtu mzima, nikaendelea na bahasha zangu. Nilikaa naye mpaka nikamaliza masomo, na alinifundisha mengi ninayotaka mwendelee nayo. Piga simu kabla ya kuandika. Piga asubuhi, mtu akiwa bado ana subira. Usikate simu kabla hujapata jina la uliyeongea naye. Na kama mtoto ana alama, zungumzia alama kwanza. Usianze kumtangaza kuwa ni maskini ilhali hujaulizwa.

Niliolewa, tukahamia Louisville, nikaajiriwa kuwa mshauri wa wanafunzi katika shule ya sekondari upande wa Shively. Maombi yalikuwa yamehamia kwenye kompyuta. Rafu ya chini haikuwepo tena, ila kulikuwa na ukurasa unaokuambia lipa, na usipolipa kitufe cha kutuma hakibonyezeki. Kwangu mimi ilikuwa rafu ileile, imebadilishiwa nguo.

Kuondolewa ada kuna njia mbili, msizichanganye. Kuna njia ya kipato, ambapo familia inaeleza kwamba haina uwezo. Na kuna njia ya alama, ambapo chuo kinasema mwanafunzi akifikia kiwango fulani kwenye mtihani asilipe, kisha kinamtumia namba ya kuingiza kwenye ule ukurasa wa kulipia. Vyuo vingine vinatangaza jambo hili. Vingine vinakaa kimya mpaka mshauri apige simu na kuuliza. Mimi nilipiga. Kuna makarani waliokuwa wananitambua kwa kikohozi kabla sijataja jina.

Wanafunzi wangu wengi walikuwa watoto wa Wakongo wa Kivu. Wazazi wao walifanya kazi kwenye maghala, viwandani, na kwenye nyumba za kutunzia wazee. Nyumbani mzazi anauliza kwa Kiswahili, mtoto anajibu kwa Kiingereza, na kila mmoja anaamini ameeleweka. Mkuu wa shule alifurahi kumpata mtu wa Kiswahili, akadhani mambo yamekwisha. Sikutaka kumvunja moyo. Kiswahili changu na chao ni ndugu, lakini hawajakaa nyumba moja. Mimi nasema moja, wao wanasema moya. Mimi nasema watu, wao wanasema batu. Mama mmoja alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, akamgeukia mwenzake na kumwambia, "Huyu Madame anaongea Kiswahili ya radio."

Na ni hicho Kiswahili cha redio kilichotaka kumponza Riziki.

Riziki alikuwa msichana wa maneno machache, yuko darasa la mwisho. Tangu akiwa mdogo ndiye aliyemsindikiza mama yake duka la dawa kumkalimania, na kwa kusimama sana mbele ya kaunta ile alikuwa ameamua upande wa pili ndiko anakotaka kusimama. Chuo alichokitaka cha ufamasia kilikuwa huku Buffalo. Matokeo ya mtihani yalipotoka, aliingia ofisini akaweka karatasi mezani. Niliisoma. Niliisoma tena. Nikainuka nikafunga mlango ili nicheke vizuri. Nilipiga simu Buffalo, wakaniambia kwa alama zile asilipe ada ya maombi, na ombi likifika kabla ya mwisho wa mwezi ataingia kwenye kundi linalofikiriwa kwa ufadhili wa masomo yote. Asipoomba, hana ufadhili. Asipopata ufadhili, ufamasia asahau. Baba yake alikuwa mbebaji ghalani, na watoto wengine walikuwa wanamfuata nyuma.

Nikawaandikia wazazi wake barua, Kiswahili safi: binti yenu, kutokana na alama zake, amepata msamaha wa ada ya maombi. Kwetu Kenya hayo ni maneno ya kila siku ofisini, hayamshtui mtu. Nikakaa nikisubiri asante.

Badala ya asante alikuja Riziki, macho mekundu. Alisema kwa Kiingereza kwamba baba yake amekataa. Buffalo hapana. Atalipa yeye mwenyewe, kwa pesa yake, ombi la chuo kimoja tu cha hapa karibu, ambacho hakina ufamasia wala ufadhili. "Na kila jioni wananiuliza nimefanya nini," alisema. "Mama ameita kikundi cha maombi cha kanisani."

Nikamwambia amlete baba yake. Papa Riziki alikuja kabla ya zamu yake ya ghalani, amevaa jaketi la kung'aa na viatu vya ncha ya chuma, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Kwetu ningemwita Baba Riziki, lakini kwao ni Papa, na nilishajifunza. Binti yake alikaa pembeni akitazama dari.

"Bon, Madame," alianza. "Minaomba uniambie ukweli. Riziki alikosa nini?"

"Hakukosa kitu, Papa Riziki. Amefaulu kuliko wote."

"Kama hakukosa, banamusamehea nini? Mutu anasamehewa kama amekosa. Mama yake amemuuliza, anakatala kusema. Kanisani bamama banamuombea atubu."

Nilitaka kucheka, Chebet. Nilijizuia kwa sababu yeye hakuwa anacheka hata kidogo. Nikamweleza kwamba hapa msamaha maana yake ni kutolipishwa, kwamba chuo kimeona alama zake kikasema aombe bila kulipa. Nilidhani nimemaliza. Papa Riziki alitikisa kichwa.

"Ile ndiyo mubaya zaidi," alisema.

Ndipo nikajua kwamba kule kwao Uvira, Kongo, mtu huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alinieleza polepole, akitazama mikono yake. Shuleni kwao kila mtoto alilipa frais, yaani karo, na asiyelipa alifukuzwa. Mwaka mmoja directeur, ndiye mkuu wa shule, aliwaita wazazi wa watoto wachache wenye pointi nzuri akawaambia wamesamehewa frais, maana aliwataka wabaki waipe shule jina kwenye mtihani. Wazazi walifurahi, wengine wakamletea kuku. Asubuhi ya mtihani walikuja wakubwa wa elimu kuuliza frais za wale watoto ziko wapi. Directeur akasema yeye hajui habari ya msamaha. Akampa Papa Riziki karatasi ya majina, akamwambia asome.

"Nilisoma," alisema Papa Riziki. "Batoto banakuwa tayari banakaa, kalamu iko ku mukono. Ninasoma jina, moya anasimama, anatoka. Ninasoma ingine, anatoka. Bazazi bao bananiuliza, si mulisema tumesamehewa? Lakini reçu iko wapi? Msamaha haina reçu, Madame. Mwenye kukusamehea leo, kesho anaweza kusahau."

Aliposema reçu, alimaanisha risiti. Akainua kichwa. "Donc, mimi nitalipa. Sitaki siku moya Riziki iko ndani ya masomo, basome jina yake, atoke."

Riziki alikuwa ameacha kutazama dari. Hakuwa amewahi kusikia habari hiyo, nilimwona usoni. Nilimwomba Papa Riziki anipe siku mbili asipeleke pesa popote. Alikubali, akaenda zamu.

Niliondoka na barua yangu nikaisoma njia nzima kichwani. Alama zake zimempa msamaha. Kwa Kiswahili cha ofisini haina kosa. Lakini mtoto amekesha na vitabu, amefanya mtihani kwa lugha ya tatu, amefaulu, halafu sisi tunamwandikia kwamba amesamehewa, kama mtu aliyevunja dirisha. Nikiwa naosha vyombo nikamkumbuka Bi Loretta na jibu lake la kikaidi. Nikampigia simu Columbus, mikono bado ina sabuni. Alikuwa amestaafu zamani. Nilipomwambia sasa nimeelewa kwa nini hakuwa na muhuri wa kusamehe, aliniuliza kama ni kawaida yangu kuchukua miaka yote hiyo kuelewa jambo.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi mmoja pale Shively anayetengeneza viatu, anachonga funguo na kutengeneza mihuri. Nikamwandikia neno kwa herufi kubwa. Muhuri wa kwanza ulitoka IMELIPA, karatasi yenyewe ikijisifu kwamba ndiyo iliyolipa. Nikamrudishia aongeze W, akalalamika kwamba lugha yetu ina herufi nyingi. Huo aliorudia ndio ulio kwenye droo yako.

Halafu nikapiga simu Buffalo. Nilimwomba karani aniandikie barua rasmi, yenye sahihi, kwamba ada ya maombi ya Riziki imetimizwa kwa matokeo yake ya mtihani na haitadaiwa tena. Alisema kompyuta inaonyesha hivyo tayari, barua ya nini? Nikamwambia kuna mzee mmoja ambaye haamini kompyuta, na ana sababu. Nadhani nilisema kwa sauti nisiyoitumia sana, maana barua ilifika kabla ya saa za kazi kwisha. Nikaitafsiri kwa Kiswahili, upande mmoja chao, upande mmoja changu, nikatia sahihi.

Niliwafuata nyumbani kwao. Papa Riziki alisoma barua zote mbili amesimama, dirishani. Mama Riziki alikaa na mikono imefumbatwa. Nilipotaka kugonga muhuri chini kabisa ya karatasi, Papa Riziki alinizuia.

"Hapana, Madame. Cachet lazima iguse signature. Kama haigusi, haina maana."

Nikausogeza, nikagonga juu ya sahihi yangu. Na wino uwe wa bluu, Chebet. Ukinunua mweusi watakuambia ni fotokopi.

"Imelipwa," alisoma. "Na nani?"

"Na Riziki," nilisema. "Amelipa na pointi yake. Chuo kimeomba malipo, yeye akatoa alama, wamepokea. Hii ndiyo reçu."

Alitazama karatasi, akamtazama binti yake.

"Donc si msamaha."

"Si msamaha, Papa Riziki. Hakuna aliyemsamehe, kwa hiyo hakuna wa kuja kusahau."

Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Kisha akamwambia Riziki neno moja tu, "Tuma." Riziki akafungua kompyuta palepale kwenye meza ya kulia, akabonyeza. Mama Riziki akatoka nje na simu, nikamsikia anawaambia akina mama wa maombi kwamba wasiinuke magotini, wabadilishe tu ombi liwe la shukrani.

Alipata nafasi, na alipata ufadhili. Tangu hapo sijaandika tena neno msamaha kwenye barua ya mzazi, nami naomba msiliandike. Andikeni amelipa kwa alama, mgonge muhuri, muhuri uguse sahihi. Habari ilienea kanisani, nikaanza kuletewa karatasi za kila aina. Kuna baba alitaka nimgongee kadi ya chanjo ya mtoto. Nilimgongea, sikuona ubaya.

Mume wangu alifariki, Louisville ikawa kubwa mno kwangu peke yangu, nikaja kuishi Kenmore, hapa kando ya Buffalo, karibu na dada yangu na kufanya kazi katika ofisi hiyo uliyoipokea. Muhuri nilikuja nao kwenye mkoba. Riziki alikuwa bado anasoma hapa, na baadhi ya Jumapili alikuja kwangu kula na kulala kwenye kochi. Mwaka aliomaliza, wazazi wake walikuja kwa gari kutoka Louisville, wakapumzika Columbus kwa binamu yao, wakafika kwangu na sufuria la sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo, limefungwa mkanda wa kiti cha mbele. Mama Riziki alikaa nyuma.

Siku ya mahafali tulikaa juu, mahali pa familia. Papa Riziki alikuwa mchangamfu, ananiuliza bei ya nyumba za Kenmore, mpaka alipopanda jukwaani bwana mmoja ameshika karatasi za majina. Bwana yule akaanza kusoma. Jina likisomwa, kijana anainuka, anaacha kiti chake, anakwenda. Mkono wa Papa Riziki uliingia ndani ya koti ukabaki humo, na Mama Riziki akamshika goti. Ndipo nikakumbuka chumba kile cha mtihani Uvira, nikaelewa alikuwa anatazama nini.

Jina la Riziki likasomwa. Lilipindwapindwa, lakini lilikuwa lake. Papa Riziki akasimama. Akatoa karatasi yangu, mikunjo imeanza kuchanika, cachet bado ni ya bluu, akaiinua juu ya kichwa ikitazama jukwaani, ili mtu yeyote atakayeidai aione. Hakuna aliyeidai. Riziki alipita mbele, akapewa mkono, akapewa shahada yake, akashuka upande wa pili, akapita katikati ya viti mpaka kwenye kiti alichokuwa amekikalia.

Watu wa nyuma walianza kunong'ona kwamba mzee akae. Hakukaa. Aliniinamia, machozi yakimtoka waziwazi, karatasi bado iko juu.

"Madame," alisema, "bamesoma jina yake, na amerudi kukaa."